Kimo cha Nyasi

Alikuja na fimbo yenye mistari myekundu na myeupe,
kijana wa chuo, Elirehema, viatu bado vinalia,
akaichomeka ardhini kila hatua ishirini:
sentimita arobaini, akaandika. Sabini. Udongo mtupu.
"Mama Nambuta, shomoro wa nyasi wanapenda kimo gani?"

Mimi sina sentimita. Nina mundu.
Nikamwonyesha kwa mwili.
Hapa, kwenye ugoko, ndipo wanapokula,
mbegu zikidondoka zinaonekana, na miguu ile midogo inapita.
Hapa, chini kidogo ya goti, jike huficha tago
ndani ya shina lililojiinamia kama mtu anayefunga kamba za kiatu.
Kiunoni, dume hupanda unyasi mmoja uliowazidi wenzake,
husema neno lake, hushuka.
"Na zikinipita kichwa?"
Zikikupita kichwa, mwanangu, hapo pa nguruwe.

Tulikuwa Ruponda, nyuma ya mikorosho iliyochoka,
kwenye mbuga ambayo katapila ziliing'oa miti
kwa ajili ya karanga, mama yangu akiwa mtoto wa kubebwa.
Karanga hazikukaa. Nyasi zilikaa.
Miaka thelathini nimezikata,
mwezi wa saba, umande ukishakauka,
mzigo kichwani, mbegu za vishada ndani ya kanga
zikinichoma mpaka usiku.
Mama alisema: usikate zote, ruka, acha mafungu.
Nikadhani ni uvivu wa uzee.

Kisha korosho zikapanda bei, kijiji kikang'aa.
Na mimi nikanunua: bati kumi na nane, geji ishirini na nane.
Sitasema uongo kwa ajili ya ndege.
Mvua ya kwanza nililala mkavu
nikacheka peke yangu gizani.

Mundu ukapata kutu darini.
Nyasi, zisizoombwa tena na mtu,
zikarefuka, zikalala, zikashonana,
mwaka juu ya mwaka, godoro juu ya godoro,
na shomoro wa nyasi ni mtembea kwa miguu,
hatembei juu ya godoro.
Halafu vijana wakatia moto, wakitafuta panya,
na moto ulipokuta godoro haukuruka, haukuacha fungu,
ukaenda mweusi mpaka mtoni.
Pazito mno, kisha patupu mno.
Katikati ya hayo mawili palikuwa na nyumba.

Elirehema anaandika: sifuri.
Hatua ishirini. Sifuri.
Ananiuliza nani anaharibu mahali hapa.
Natazama viganja vyangu, sugu zimeanza kulainika.
Hakuniuliza nani alikuwa anatunza,
na mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kujiuliza.

Nyumbani, kwenye pengo la paa langu,
yupo shomoro mwingine, wa mjini, mwenye kidevu cheusi.
Amejenga kwa nyuzi za viroba vya salfa.
Hajui nyasi, hataki kuzijua; anataka makombo na kelele zetu.
Simfukuzi. Lakini kila anapolia
nasikia yule asiyelia.

Jumatatu nikautia mundu kwenye jiwe.
Nikakata, nikaruka, nikaacha fungu,
nikakata tena. Hakuna mnunuzi wa nyasi Ruponda yote.
"Unaezeka nini, mama?"
"Choo," nikasema.
Akacheka. Akashika ncha ya pili ya kamba.

Mwezi ukapita, na mvua mbili.
Juu ya udongo uliopata jua
nikaona ganda la mbegu, dogo kuliko ukucha wa mtoto,
limepasuliwa katikati, nusu huku, nusu kule,
kazi ya mdomo mmoja.
Huenda ni wake. Huenda ni wa kwera mpita njia.
"Pima hapo," nikamwambia.
Elirehema akasimamisha fimbo polepole
na kuisoma namba kwa sauti ya chini,
kama mtu aliyeingia chumbani
asijue kama kuna aliyelala.